Mzaha wa Mganga: Dhima ya Kicheko katika Kupunga Pepo

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuitazama ngoma ya pepo ama kama tiba ama kama burudani. Katika ngoma yenyewe mambo hayo hayatengani. Katika vijiji vya Wadigo na Wavumba, kama Majoreni kusini mwa Kwale, kayamba zikilia na pepo akapanda kichwani, mganga humwamkia, humtania, hubishana naye juu ya zawadi anazodai. Watu hucheka. Ndani ya kicheko hicho mwele, ambaye sasa ni kiti tu, hupata ulimi: neno ambalo mke hathubutu kumwambia mumewe hadharani hutamkwa na pepo, na lawama haimpati mke. Hapo ndipo ilipo huruma ya mganga.

Ebrahim Hussein, katika Mashetani (1971), aliutumia mchezo wa shetani na binadamu kuimulika jamii. Lakini huo ni mchezo wa vijana wawili, pasipo majirani wa kuitikia, nao humwachia Kitaru dhiki.

Hata hivyo kilinge nacho kina upungufu. Pepo akisharidhishwa kwa kanga na marashi, mume aweza kulisahau lililosemwa. Tiba hutimia iwapo waliocheka nao wamesikia.