Shaba na Vitamini C Kwenye Kiganja Kimoja

Ile video ya somo la ngozi kutoka Lukafu, ambamo fundi anampaka mteja wake serumu, mmeiona. Imezunguka kwenye simu za Lubumbashi nzima, kwa hiyo sitaisimulia tangu mwanzo. Naenda moja kwa moja pale fundi alipofungua chupa mbili akazimimina kwenye kiganja kimoja: kwanza serumu ya peptidi ya shaba, kisha vitamini C. Kazi yote iliharibikia hapo.

Irudisheni nyuma. Kabla vitamini C haijaingia, tone la buluu limetulia kiganjani. Buluu ile haikutiwa kwa ajili ya mapambo. Ni shaba yenyewe, imeshikwa na asidi amino tatu, glisini, histidini na lisini: GHK, ambayo Loren Pickart aliitambua katika damu ya binadamu mwaka 1973. Histidini ni miongoni mwa mikono inayoishika shaba hiyo. Sasa tone la pili linadondoka. Vitamini C safi hutengenezwa ikiwa na pH chini ya 3.5, maana juu ya hapo hupenya ngozi kwa shida. Katika uchachu wa namna hiyo histidini hubeba protoni na kulegeza mshiko wake. Shaba iliyoachiwa hunyang'anya vitamini C elektroni zake, hewa inamalizia, na ile vitamini uliyoinunua kwa bei kali inaanza kuharibika kabla haijafika shavuni.

Na ushahidi upo kwenye picha! Tazameni kiganja, msimtazame fundi usoni. Buluu inafifia, inakuwa kama maji ya mchele. Fundi akafurahi, akasema dawa zimekubaliana. Hazikukubaliana hata kidogo, zimeuana. Mteja amelipia chupa mbili akapakwa mabaki, wakati dawa ya tatizo hili haina gharama: vitamini C asubuhi, shaba usiku, basi.

Linaloniuma ni kwamba jambo hili limefanyika kwetu. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba. Mkoa wenyewe uliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Zamani za kale, kabla ya kampuni ya Union Minière na bomba lake la moshi, wazee wa kabila la Basanga walingoja kiangazi, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakapanga malakiti na makaa. Makaa yanaipa shaba elektroni mpaka inatoka metali nyekundu. Tendo lile lile la kikemia, lakini wao walilitaka, walilipangia msimu, na walijua kitatoka nini. Fundi wetu amelifanya kiganjani bila kujua, akaliita utunzaji wa ngozi. Mnisamehe, mimi nabaki na Basanga.

Mengine aliyoyafanya ni sawa: ameosha uso kwa upole, amepaka ngozi ikiwa na unyevu, hakusugua.

Lakini ile sifa aliyoimwagia hexapeptidi ya Argireline, eti sindano bila sindano, naipinga na nitaipinga tena. Wahispania wa Lipotec waliiunda iige kipande cha SNAP-25, protini ambayo sumu ya botulinamu huikata ili msuli ulegee. Wazo zuri. Lakini ina uzito wa karibu daltoni 889, na tangu Bos na Meinardi waandike mwaka 2000, wenye kazi hii wanajua kwamba molekuli inayopita daltoni 500 hupata shida kuvuka ngozi nzima. Msuli uko chini kabisa. GHK yenyewe ina kama 340. Kwa nini basi uichukue ile ndogo, iliyo na nafasi ya kupita, ndiyo uiue kwanza?

Halafu ule mtindo wa kuhesabu peptidi, eti serumu yenye kumi inashinda yenye moja. Utafiti wa mwaka 2005 wa pentapeptidi ya Matrixyl ulitumia moja tu, sehemu tatu kwa milioni. Ilifungwa mkia wa mafuta ili ipenye, na ilifanya kazi kiasi, kwenye mikunjo midogo. Kiasi, nasema.

Wala hakuna aliyezitaja asidi amino zenyewe, zisizofungwa kwenye peptidi. Karibu asilimia 40 ya vile vitu vya asili vinavyoshika maji katika tabaka la juu la ngozi ni asidi amino, serini ikiwa mbele. Kuanzia Mei, upepo mkavu ukipita na vumbi jekundu, ngozi ya Lubumbashi inadai hizo na gliserini kabla ya kudai shaba. Mama zetu waliopaka gliserini kwenye ngozi yenye majimaji walikuwa mbele ya video hii.

Mwishoni mwa video ikaonekana tyubu ya klobetasoli, ile dawa ya steroidi, kwa sekunde chache, mezani, kama kitu cha kawaida. Peptidi inaziomba seli zifume kolajeni. Klobetasoli inaziamuru ziache, na ngozi inakonda mpaka mishipa inaonekana. Kila mwaka nayaandika haya, na kila mwaka tyubu ziko Soko la Kenya hapa Lubumbashi zimepangwa karibu na sabuni. Anayeipaka kila siku ili awe mweupe hana haja ya serumu ya kuzuia uzee, kwa sababu anautengeneza uzee mwenyewe. Amwone daktari wa ngozi namna ya kuiacha, maana kuikatisha ghafla nako kunawasha moto usoni.

Ninalomtaka fundi afanye linawezekana. Ule utafiti wa 2005 uliwachukua wanawake 93 wa miaka 35 hadi 55, nusu ya uso peptidi, nusu krimu tupu, wiki 12, bila wao wala wapimaji kujua upande upi. Yeye achukue wateja wachache wanaokubali, tyubu iondoke mezani, mtu mwingine ajaze chupa na kuficha alama, shaba upande mmoja peke yake bila vitamini C, krimu ya kujikinga na jua pande zote mbili. Apige picha kwenye dirisha lile lile, saa ile ile, siku ya kwanza na wiki ya kumi na mbili, halafu atuonyeshe zote, hata zile ambazo pande zimefanana.