Kituo cha Nane Hadi cha Tisa: Safi

Nina madaftari kumi na moja ya mbio. La kwanza nililinunua mwaka niliohamia Uswidi, la mwisho bado halijajaa. Majira haya ya baridi goti limenizuia kwenda msituni, basi nikayasoma yote mfululizo, kama unavyosoma kazi zote za mwandishi mmoja ili umjue. Nimemjua. Simwamini sana.

Hasemi uongo. Kila dakika aliyoiandika ni sahihi, na angetaka ningeweza kumthibitishia kwa matokeo yaliyohifadhiwa. Tatizo lake ni jingine, na nadhani ni tatizo la aina nzima ya maandishi haya, maana wakimbiaji wenzangu huandika hivyo hivyo.

Kwa ambao hawajakutana na mchezo huu: unaitwa orientiringi, na mimi nyumbani niliuelezea kama mbio za ramani, wakanicheka kwamba nimekwenda Ulaya kulipia kupotea porini. Unakabidhiwa ramani sekunde ile ile saa yako inapoanza kuhesabu. Juu yake kuna vituo vilivyopewa namba, na kila kituo msituni kina bendera ndogo ya chungwa na nyeupe. Unavipitia kwa mpangilio, ukigusa kifaa cha kielektroniki kwa kidude ulichovaa kidoleni. Njia ya kutoka kituo kimoja hadi kingine ni shauri lako. Unaweza kuzunguka kwa barabara au kukata moja kwa moja kwenye kinamasi. Ramani ya 1:10,000 inakuonyesha hata jiwe lenye kimo cha mtu. Msitu unaopitika vizuri huchorwa kwa rangi nyeupe, na kijani ni vichaka vya kukuchelewesha. Mimi niliyekulia kwenye atlasi ambamo msitu ni kijani, ilinichukua msimu mzima kuuamini ule weupe.

Waswidi wana neno fupi la kosa la mchezo huu: bom. Mbio zikiisha, watu husimama kwenye nyasi wakiwa na matope mpaka mapajani, ramani mkononi, kila mmoja akisimulia bom yake. Nayapenda sana masimulizi haya. Yana ucheshi, yana ishara za mikono, na msikilizaji anaruhusiwa kuuliza, "Lakini ule ukuta wa mawe hukuuona?" Jioni yanakuja mengine, yaliyoandikwa. Programu hulinganisha muda wako wa kila kipande na wa waliokuwa na kasi zaidi, kisha hupaka rangi nyekundu pale ilipokadiria umepoteza muda. Unakaa na chai, unanakili vyekundu kwenye daftari, unaongeza sababu, unafunga.

Hivi ndivyo mwandishi wangu alivyoandika msimu wake wa nne: "Kituo cha 5, dakika 3 zilipotea. Kilima pacha."

Kilima pacha ni kosa maarufu. Una vilima viwili vinavyofanana, kimoja chenye kituo, kingine mita mia pembeni yake, nawe umepanda kile kisicho chako. Nakikumbuka kile kilima vizuri kuliko baadhi ya harusi nilizohudhuria. Nilifika juu nikakuta jiwe kubwa ambalo halikuwepo kwenye ramani. Nikasema moyoni, mchoraji amelisahau. Kulipaswa kuwa na kijito upande wa kushoto, hakikuwepo. Nikasema, kiangazi kimekikausha. Nilikuwa nimeshaamua niko wapi, na sasa naulazimisha msitu ukubaliane nami. Dakika tatu zilipotea pale, ndiyo. Ila kosa lilikuwa limetendeka zamani, nilipoondoka kituo cha nne bila kuitazama dira kwa sababu nilisikia hatua za mtu nyuma yangu na sikutaka anione nimesimama. Jedwali haliwezi kujua habari za zile hatua. Linajua mahali saa ilipoendelea kutembea, na mimi nikalikabidhi kazi ya kunisimulia mbio zangu.

Tena tazama sarufi yake. "Dakika 3 zilipotea." "Kituo hakikuonekana." "Mwelekeo ulipinda." Kwenye madaftari yote kumi na moja, kitenzi chenye mimi ndani yake nakutana nacho pale tu ninapofanya vizuri: nilichagua njia ya kulia, nilishambulia kutoka kwenye uzio, nilimpita mpinzani. Kiswahili kina ukarimu huu hatari, kinakuachia mambo yaonekane, yapotee, yavunjike bila mtu. Hata rafiki tusiyeonana naye miezi sita tunamwambia amepotea, wala hatumuulizi alikuwa anakwenda wapi.

Nisimwonee kupita kiasi. Kuna kurasa zilizonifaa, hasa baada ya miaka arobaini, miguu ilipoanza kudai heshima. Kupunguza mwendo kabla ya kuingia kwenye duara la kituo badala ya baada ya kulipita. Kukunja ramani ndogo na kuweka kidole gumba mahali nilipo, kidole kikitembea pamoja na mimi. Kujitamkia kitakachotokea kabla hakijatokea: kwanza kinamasi, halafu mgongo wa kilima, halafu bendera nyuma ya jiwe. Kama kinamasi hakijaja, simama. Hayo ni mafundisho ya kweli na mchezaji chipukizi angeyapata bure kwangu.

Lakini yote yanatumikia imani moja, kwamba mbio bora ni ile isiyo na wekundu. Imani hiyo ina mtume wake. Thierry Gueorgiou, Mfaransa mwenye dhahabu nyingi za dunia za umbali wa kati, ana kaulimbiu iliyoshikamana na jina lake: kasi kamili, bila makosa. Niliiandika kwenye jalada la daftari la saba kwa kalamu ya wino mzito.

Ni ndani ya daftari hilo la saba kuna mstari niliotaka kuufikia tangu nilipoanza kuandika haya, nikawa nazunguka kwa barabara. Unasema: "Kituo cha 8 hadi cha 9: safi. Sekunde 4 nyuma ya aliyeongoza. Kipande bora cha msimu."

Yalikuwa mashindano ya kawaida ya mkoa, mwezi wa Septemba, nami nikikimbia daraja la wanawake wakongwe. Nilitoka kituo cha nane nikiwa na picha yote kichwani. Karibu nusu ya njia, kando ya kijito, alikuwa ameketi msichana juu ya jiwe, ramani iko magotini. Nikasema moyoni: huyu amepotea, anajitafuta. Akainua mkono. Nami nikainua wangu, nikapita. Nakumbuka kabisa kwamba nilijisikia vizuri. Katika mbio za nchi hii watu hupishana msituni kama miti, na mimi niliyefundishwa kwamba mtu hapitwi bila salamu nilikuwa nimesalimia.

Alikuwa amevunjika kifundo cha mguu. Walimleta kwa machela nikiwa tayari nimeshabadilisha nguo na ninakula mkate. Alikuwa akiwaeleza waandaaji, bila hasira, kwamba amekaa pale muda mrefu na kwamba watu kadhaa walipita, mmoja akampungia mkono. Nilikuwa mita tano kutoka pale aliposema hivyo. Sikusema kitu. Jioni nikafungua jedwali, nikaona kile kipande hakina hata doa jekundu, nikaandika neno safi.

Kanuni za mchezo wetu ziko wazi: kumsaidia aliyeumia ni wajibu wa kila mshindani. Naijua kanuni hiyo. Ningeweza kuifundisha. Nilichokosa ni kumwona, na sikumwona kwa sababu nilikuwa nimetamka mapema kitakachotokea njiani, kama nilivyojifundisha, na mtu aliyeumia hakuwemo kwenye orodha. Basi nikamfanyia nilichomfanyia lile jiwe la kilima pacha. Nikampa maelezo yatakayouacha mpango wangu kama ulivyo.

Kila mchezaji wa umri wangu anajua yaliyotokea Miskolc, Hungaria, mwaka 2009, katika mbio za kupokezana za ubingwa wa dunia. Mzunguko wa mwisho, wakiwania medali, Martin Johansson wa Uswidi alichomwa na kijiti kilichozama ndani ya paja. Gueorgiou, yule yule wa bila makosa, akasimama. Wakasimama pia Anders Nordberg wa Norway na Michal Smola wa Jamhuri ya Czech. Walimhudumia, msaada ukatafutwa, medali zikaenda kwa wengine. Uswisi ikachukua dhahabu. Miaka miwili baadaye Ufaransa ilishinda mbio hizo hizo nyumbani kwake, Gueorgiou akimalizia, na tangu hapo kisa husimuliwa kama deni lililolipwa. Mwisho huo sina shida nao, ila unakuja haraka mno. Unatuondoa pale chini ya miti, kabla hatujauliza watu wale waliokuwa katika kasi ile, wenye dhahabu mbele yao, waliwezaje kuinua macho kwenye karatasi na kuona damu.

Mimi huwazia kitu kidogo zaidi. Ukichukua muda wao wa siku ile na kuutia kwenye programu yetu ya jioni, kile kipande kitatoka chekundu tupu. Bom kubwa kuliko zote katika maisha yao ya michezo. Changu kitabaki safi.

Nimejaribu kuurekebisha ule mstari wa daftari la saba. Nilianza, "Msichana hakuonekana," nikafuta. Nikaandika, "Nilimpita." Limebaki hivyo pembeni, kwa kalamu ya rangi tofauti, bila dakika.

Majira ya kuchipua yaliyopita, kabla goti halijaharibika, nilimkuta mwanamume ameinama kwenye mzizi wa msonobari kati ya kituo cha tatu na cha nne. Nilisimama, nikamuuliza kama yuko salama. Alikuwa anafunga kamba za kiatu. Alinijibu bila kuinua kichwa kwamba hana tatizo, kisha, kwa sauti ya mtu aliyeudhika kidogo, akaniuliza kama bendera ile nyuma yangu siyo ninayoitafuta. Ilikuwa yenyewe, nilikuwa nimeipita. Jioni programu ilionyesha sekunde ishirini na mbili nyekundu kwenye kituo cha nne, na sijui ni ngapi kati ya hizo niziandike kama kosa.