Mkono Unaojua Kuacha

Mpishi hodari wa biskuti, kule majimbo ya Kusini mwa Marekani, utamtambua kwa donge lake: bado lina mabonge, lakini yeye ameshaondoa mikono. Aliyelelewa na chapati atadhani kazi imeachwa njiani. Sisi hukanda mpaka unga uvutike. Biskuti hizi, vimkate vinene visivyo na sukari, huharibiwa na bidii hiyohiyo.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Kabla ya magadi ya kuokea na baking pauda kuenea katika karne ya 19, donge lilipigwa kwa mchi au mpini wa shoka nusu saa na zaidi, hadi litoe malengelenge, na mara nyingi waliolipiga walikuwa watumwa. Unga ulipopata cha kuuinua, ustadi ukahamia kwenye kujizuia. Edna Lewis, mpishi mashuhuri aliyezaliwa mwaka 1916 huko Freetown, Virginia, kijiji kilichoanzishwa na watu waliotoka utumwani, hata baking pauda ya dukani aliikataa kwa ladha yake ya kichuma. Alijichanganyia yake, kwa magadi na krimu ya tartari.

Mimi hupenda zaidi biskuti hizi zikiwa zimeokwa juu ya soseji na mboga. Soseji ya huko aghalabu ni nyama ya nguruwe iliyosagwa na kutiwa viungo, bila kujazwa kwenye utumbo. Ya ng'ombe inafaa pia, ila iongezewe mafuta, kwa kuwa mchuzi wote huanzia hapo. Inakaangwa katika kikaango kizito hadi ikolee rangi, vinafuata vitunguu, karoti na sukuma wiki, kisha unga kidogo, maziwa, na pilipili manga bila uchoyo.

Donge ndilo linalostahili macho. Unga uwe wa ngano laini, wenye protini ya asilimia 8 au 9 hivi. Siagi iliyotoka kwenye friji inavunjwavunjwa ndani yake kwa ncha za vidole, na inaachwa ikiwa bado vipande vya ukubwa wa njegere. Vipande hivyo ndivyo vitakavyoyeyuka ndani ya oveni na kuacha nafasi. Mvuke unasukuma, matabaka yanaachana. Kiganja chenye joto kikikawia, siagi inayeyuka mapema na matabaka yamekwisha. Basi mtindi baridi unamiminwa, mwiko unapita mara chache, donge linakunjwa mara tatu au nne, na inatosha! Kikatio nacho hushuka wima. Ukikizungusha unaziba kingo, na biskuti itainuka upande.

Wengi hukosea pale wanapokutanisha viwili hivi. Mchuzi sharti uwe unatokota biskuti zinapowekwa juu yake, la sivyo zitageuka dhahabu juu huku chini ni mbichi. Oveni iwe nyuzi 220, na baada ya dakika 20 hivi mpishi makini haamini rangi: huinua moja ya katikati akachungulia tumbo lake.

Masalio ya pembeni hubanwa pamoja na kukatwa tena. Yameguswa mara mbili, kwa hiyo huwa magumu, nayo hufichwa ukingoni mwa kikaango. Wageni hupewa zile za mkato wa kwanza. Mimi niwekeeni za masalio, maana ndizo zinazobeba mchuzi bila kumeguka.