Mgeni Katika Dhahabu ya Japani

Neno "athari" tumelizoea mno sisi walimu. Tukutanapo na kazi ya sanaa iliyozaliwa pale mataifa mawili yalipokutana, twasema upesi kwamba huyu ameathiriwa na yule, kisha twafunga daftari. Sanaa ya Kijapani iitwayo Namban yatuonya tusifanye haraka hiyo.

Wareno walifika Japani mwaka 1543, naye Francis Xavier akaja kuhubiri Ukristo mwaka 1549. Wajapani waliwaita wageni hao "namban", yaani washenzi wa kusini, wakawachora juu ya viwambo vya kukunjwa vitumikavyo kugawa chumba. Viwili vilivyo mashuhuri ni vya Kano Naizen, vilivyohifadhiwa katika makumbusho ya mji wa Kobe. Katika kimoja merikebu yaondoka bandari ya ng'ambo. Katika cha pili imewasili Japani, na nahodha aandamana na msafara wake chini ya mwavuli.

Je, Ulaya iko wapi hapo? Imo katika suruali pana, pua ndefu na majoho meusi ya mapadre. Lakini mawingu ya dhahabu, mistari ya wino na picha isiyo na vivuli ni urithi wa Wajapani wenyewe. Hata bandari ya ng'ambo, Naizen ameipa majengo ya mtindo wa Kichina. Mzungu ndiye kioja; mwenye jicho ni Mjapani.

Padre Giovanni Niccolò, aliyefika mwaka 1583, aliwafundisha vijana kunakili picha takatifu za Ulaya. Ustadi wao haukanushiki, ila kwa maoni yangu viwambo vyawapita, kwa kuwa vina sauti yao wenyewe.

Kasoro ipo. Watu weusi walioletwa na merikebu za Wareno wanaonekana wakishika mwavuli na kubeba mizigo, bila dalili yoyote ya kwao wala ya msiba uliowafikisha pale.

Wareno hao hao waliliachia Kiswahili "gereza", kutoka neno lao lenye maana ya kanisa. Kiswahili kikalipa wingi wake, "magereza", na maana nyingine kabisa. Naizen naye alifanya vivyo hivyo. Basi tusimwulize mwanafunzi kilichopokewa tu. Tumwulize pia mpokeaji alikifanyia nini.