Mtoro wa Mwezi wa Tatu: Kulisoma Daftari la Karel Styblo

Hadithi za wanasayansi tunazozipenda zina kilele kimoja. Mtu yuko maabara, anaona kitu ambacho wenzake hawajakiona. Alexander Fleming na ukungu wake mwaka 1928. Albert Schatz, kijana katika maabara ya Selman Waksman, na bakteria wa udongo waliotupa streptomaisini mwaka 1943. Pazia linashuka, tunapiga makofi. Kasoro ya hadithi hizi ni kwamba zinaishia pale ambapo mgonjwa ndiyo kwanza anafungua mdomo ameze dawa.

Sisi wasomaji wa fasihi tuna mfano wetu wa karibu: George Orwell, yule wa Shamba la Wanyama, riwaya ambayo Fortunatus Kawegere alituletea kwa Kiswahili mwaka 1967. Orwell alikuwa na kifua kikuu. Mwaka 1948, akiwa amelazwa Scotland, alipata streptomaisini iliyoagizwa Marekani kwa msaada wa marafiki wenye uwezo. Mwili ukaikataa, dawa ikasitishwa. Januari 1950 akafariki. Dawa ilikuwepo, na marafiki walikuwepo. Kilichokuwa bado ni ujuzi wa dawa ipi ichanganywe na ipi, na kwa muda gani.

Ujuzi huo, kwa sehemu kubwa, ulipatikana huku kwetu. Kuanzia mwaka 1970, hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishirikiana na watafiti wa Uingereza, akina Wallace Fox na Denis Mitchison, kujaribu kama tiba ya mwaka mmoja na nusu inaweza kushuka hadi miezi 6. Ikaonekana inawezekana, mradi rifampisini au pirazinamidi iwemo kwenye mchanganyiko. Wagonjwa wa Afrika Mashariki wakaandika, kwa mapafu yao, ukurasa wa tiba ambao dunia nzima inausoma hadi leo. Majina yao hayamo kwenye ukurasa huo.

Hapo ndipo anapoingia Karel Styblo, ambaye maisha yake yangemshinda mwandishi mvivu wa wasifu. Alizaliwa Czechoslovakia mwaka 1921. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifungwa katika kambi ya Mauthausen, na huko akaugua kifua kikuu. Alipopona akawa daktari wa ugonjwa huohuo. Miaka ya 1960 alishiriki kuifuatilia wilaya nzima ya Kolín, mtu kwa mtu, akitaka kujua ugonjwa unaanzia wapi na unakwenda wapi. Kisha akahamia The Hague. Na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 akawa anakuja Tanzania, ambako serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977.

Sasa twende kwenye maandishi yake. Styblo aliandika makala nyingi, na mwaka 1991 kikatoka kitabu chake kuhusu epidemiolojia ya kifua kikuu. Lakini mimi nadai kwamba andiko lake kuu ni lile ambalo hakulijaza mwenyewe: rejista ya wagonjwa wa wilaya. Daftari kubwa, mistari na safu. Mgonjwa mmoja, mstari mmoja. Jina, umri, anakoishi, makohozi yalionyesha nini chini ya hadubini siku ya kwanza, yalionyesha nini baada ya miezi 2, yalionyesha nini mwishoni. Na safu ya mwisho kabisa: matokeo. Amepona. Amemaliza dawa. Dawa imeshindwa. Amefariki. Amehamia kwingine. Ametoroka.

Lisome kama msomaji, siyo kama karani, utaona lina kanuni moja kali ambayo riwaya nyingi hazina: kila mhusika lazima apewe mwisho. Hakuna wa kuachwa njiani kwa sababu mwandishi amemchoka. Kila robo mwaka, mratibu wa wilaya anawachukua wote walioanza dawa katika robo fulani, anawafuata mmoja mmoja, anahesabu. Kabla ya hapo daktari aliweza kujisifu kwa wale waliorudi kumshukuru. Styblo akasema, kwa lugha ya safu tu: hebu tuwahesabu na wasiorudi.

Na mpango ulifanya kazi. Mwaka 1993 Benki ya Dunia iliitaja tiba hii miongoni mwa zile zinazookoa maisha kwa gharama ndogo kabisa. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia, na muda si mrefu mfumo uliokomazwa Tanzania ukasambazwa kwingine kwa jina la DOTS.

Hata hivyo, andiko kubwa nalo lina udhaifu wake. Wa kwanza Styblo aliuona akiwa hai: Ukimwi. Mwaka 1983 Tanzania iliandikisha wagonjwa takriban 12,000 wa kifua kikuu. Miaka 20 baadaye walizidi 60,000. Thiasetazoni, kidonge cha bei poa kilichowezesha miezi ya mwisho ya tiba, kikagundulika kuwachubua vibaya ngozi, na wengine kuwaua, wagonjwa wenye VVU. Daftari lilirekodi mafuriko, halikuweza kuyazuia.

Udhaifu wa pili ni wa lugha, na hapo ndipo mhakiki anapaswa kukohoa. Ni lile neno: ametoroka.

Nalifikiria neno hili nikiwa Rungwa, kusini mwa Singida, ambako ramani yenyewe ni sehemu ya matibabu. Barabara inatoka Itigi, inakata miombo, inapita kando ya pori la akiba, inaendelea Makongolosi na Chunya hadi Mbeya. Hospitali kubwa, ile ya Mtakatifu Gaspar, iko Itigi. Watu wa huku wanaishi kwa kuhama: mrina asali anaingia msituni, mfugaji anafuata malisho, kijana anateremka Chunya kwenye dhahabu. Sasa mwambie mtu huyo ameze vidonge miezi 6, bila kuruka.

Mwezi wa kwanza na wa pili anameza, maana kifua kinamsumbua. Mwezi wa tatu kikohozi kimekata, mwili umerudi, majirani wamemsifia. Kumbe bado wamo bakteria wachache waliolala, wanaosubiri. Akiacha hapo, wanaamka. Akimeza leo na kuruka kesho, wanaobaki ni wale sugu, na safari nyingine dawa hiyohiyo haitawagusa. Mgonjwa, kwa upande wake, anaona jambo moja tu: nimepona, na mizinga inanisubiri. Daftari linaandika: ametoroka.

Kwa Kiswahili, mtoro siyo neno jepesi. Ni mwanafunzi anayekwepa shule, ni askari aliyeiacha kambi, na pwani ya karne ya 19 mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Kila mara neno linadai kwamba kuna mwenye haki ya kukushika. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha istilahi yake ya Kiingereza: aliyekuwa mkosaji akawa mtu ambaye ufuatiliaji wake umepotea. Lawama ikahama kutoka miguuni mwa mgonjwa, ikawaangukia hata wanaofuatilia. Huku mitaani mtoro bado ni mtoro.

Kwangu hili ni suala la fasihi kabla hata ya kuwa suala la afya. Shaaban Robert alituonyesha, kwa Wasifu wa Siti Binti Saad, kwamba maisha ya mtu wa kawaida aliyepanda kwa kipaji yanastahili kitabu. Ukimwi ulipata Ua la Faraja ya William Mkufya. Kifua kikuu mara nyingi hubaki kikohozi cha mhusika wa pembeni, anakohoa sura ya pili ili afe sura ya tano. Hakuna mwezi wa tatu katika hadithi hizo, wakati mwezi wa tatu ndio wenye mgogoro wote: mtu mzima wa afya anayetakiwa kuendelea kuwa mgonjwa kwa ajili ya kesho asiyoiona.

Styblo alifariki mwaka 1998. Alitupa umbo ambalo kila mtu ana mstari na kila mstari una mwisho. Akatuachia pia safu moja yenye neno moja, ambamo ndani yake mna barabara, mvua, mizinga, aibu ya kuonekana kliniki, nauli. Karani hana nafasi ya kuyaandika yote hayo. Sisi tunayo, jamani, na karatasi tunazo.