Kigezo cha Usemi na Mtoto wa Mvita

Miongoni mwa maandishi machache yanayoweza kumfaa mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayejiandaa kuwa mtaalamu wa tiba ya usemi shuleni, makala ya Nazneen Gangji, Michelle Pascoe na Mantoa Smouse kuhusu ukuzi wa usemi wa Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 2015, haina budi kutajwa. Makerere ilianzisha shahada ya kwanza ya taaluma hii mwaka 2008. Vifaa vya kupimia Kiswahili chenyewe havikuja kwa kasi hiyo.

Watoto waliochunguzwa ni 24, wote wa Dar es Salaam, wa umri wa miaka 3 hadi miaka 5 na miezi 11, katika makundi sita ya watoto wanne wanne. Kila mtoto alionyeshwa picha akazitaja, na matamshi yake yakanukuliwa kifonetiki. Ilionekana kuwa irabu zote na konsonanti nyingi hupatikana kufikia miaka 3, kwamba z, s na h hukamilika kwenye miaka 4, na kwamba th na r huja mwisho kabisa. Ni kazi ya uangalifu. Hata hivyo, katika kundi la wanne mtoto mmoja ni robo nzima, na waandishi wenyewe waliyaita matokeo yao ya awali. Kosa haliko kwao, bali kwa msomaji atakayeligeuza jedwali lao kuwa sheria ya pwani yote.

Na achukuliwe mwanafunzi wa namna hiyo anayefanya mazoezi katika darasa la chekechea mtaani Buxton, kisiwani Mombasa, si mbali na Mji wa Kale. Amwonyeshe mtoto picha ya macho. Mtoto ajibu “mato”. Kwa hesabu ya asilimia ya konsonanti sahihi, neno lenye konsonanti mbili limepoteza moja, na katika safu ya michakato huandikwa kwamba kizuio-kwamizo kimegeuzwa kuwa kipasuo. Kumbe mtoto amesema sawasawa kama bibi yake, asemaye pia “nti” na “ndia”. Hiyo ni Kimvita, wala si kilema. (Si bure kukumbuka kwamba uamuzi wa kukifanya Kiunguja msingi wa Kiswahili sanifu ulipitishwa mkutanoni Mombasa mwaka 1928.)

Upande wa pili wa dosari hii haujasemwa vya kutosha, nao ni mzito zaidi. Kimvita hutofautisha t ya meno na t ya ufizi, na hutofautisha sauti zenye mpumuo na zisizo nao: paa la nyumba halitamkwi kama paa wa mwituni, wala kaa la moto kama kaa wa baharini. Hati sanifu haiandiki tofauti hizi. Basi mtoto aliyeshindwa kuzipata, ambaye pengine ndiye anayehitaji msaada, atapewa alama zote na kurudishwa darasani. Kipimo kimoja kinamtia ugonjwa mzima na kumwacha mgonjwa.

Buxton, tena, si ya Wamvita peke yao, na ilikuwa hivyo hata kabla nyumba za zamani za manispaa hazijabomolewa kupisha maghorofa. Mtoto wa nyumba ya Kikamba akisema “balua” kwa “barua”, jedwali litaona ule mchakato wa r kuwa l ulioonekana Dar es Salaam, na umri wake ukizidi ataitwa mchelewaji. Kikamba hakina r. Mtaalamu asiyeuliza lugha ya nyumbani kabla ya kufungua picha zake hana njia ya kujua anachokisikia ni nini.

Somo la lahaja kwa kawaida ni la idara ya lugha, na tiba ya usemi ni ya kitivo cha afya. Orodha ya maneno ya Kimvita yenye jozi za mpumuo, iliyokusanywa kwa watoto wazima wa Mombasa wenyewe na kunukuliwa na watu wa lahaja hiyo, haiwezi kutungwa na upande mmoja.