Klachi kwanza, mafuta baadaye

Anayepanda pikipiki kwa mara ya kwanza huambiwa mambo mawili kwa pumzi moja: ongeza mafuta, achia klachi. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaachia. Pikipiki inazima, au inaruka mbele huku anayemfundisha akiikimbilia pembeni na kupiga kelele, “Kamata klachi, dada! Kamata!”

Lawama humwangukia mwanafunzi, kwamba ana woga au ana mkono mzito. Lakini ukiitazama klachi inavyofanya kazi, utaona kwamba tatizo limeanzia kwenye mpangilio wa somo.

Mfano mzuri ni injini ya Honda CG125, iliyoingia sokoni mwaka 1976. Iliundwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na huduma ya fundi haipatikani kwa urahisi, na pikipiki nyingi za Kichina zinazopita kwenye barabara za Afrika Mashariki zina injini iliyotokana na hiyo. Upande wake wa kulia, ndani, kuna pleti zilizopangwa kwa kupokezana: moja imepakwa kitu cha kusugua, inayofuata ni chuma kitupu. Zile zenye mpako huzungushwa na injini, za chuma zimeungana na giaboksi, na springi huzibana zote pamoja. Klachi ikikamatwa, waya unavuta, mbano wa springi unaondolewa, pleti zinaachana, na injini inabaki kuzunguka peke yake. Pleti hizo zimo ndani ya oili ya injini, na ndiyo maana huvumilia kusuguana kwa muda bila kuungua upesi.

Kati ya kukamata kabisa na kuachia kabisa kuna kipande ambapo pleti zimeanza kugusana lakini bado zinateleza. Hapo ndipo madereva husema klachi imeanza kushika. Kipande hicho ni kifupi, lakini kina mwanzo na mwisho. Klachi haifanyi kazi kama swichi ya taa. Kujifunza kuondoka ni kujifunza kukaa ndani ya kipande hicho.

Hesabu inasaidia kuelewa. Injini ya aina hii, ikiachwa iungurume bila kuongezwa mafuta, huzunguka karibu mara 1,400 kwa dakika. Katika gia ya kwanza, mizunguko hiyo ikishapunguzwa na gia za ndani na spoketi za cheni, kinachofika kwenye tairi la nyuma ni mwendo wa takriban kilomita 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Hilo ndilo pengo lote ambalo pleti zinatakiwa kuliziba, kutoka kusimama hadi kutembea. Mwanafunzi akipiga resi mpaka mizunguko 4,200, pengo limekuwa mara tatu. Klachi ikimponyoka hapo, nguvu yote ya injini inalifikia tairi kwa mkupuo mmoja.

Kisha hatari inajizidisha. Pikipiki ikiruka, mwili wa dereva unabaki nyuma, na mkono wa kulia ulioshikilia hendeli unavutwa. Kwa kuvutwa huko unafungua mafuta zaidi. Ndiyo maana mwalimu mzuri hutaja klachi kabla ya breki. Klachi ikikamatwa, tairi linakosa nguvu papo hapo, hata kama mafuta yamefunguka yote.

Motorcycle Safety Foundation, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1973, huanza na zoezi la klachi kabla ya safari yoyote. Mwanafunzi anakaa kwenye pikipiki, miguu chini, gia ya kwanza. Anaachia klachi mpaka pikipiki isogee kidogo, anaikamata tena, anairudisha nyuma kwa miguu. Akishazoea, anaiacha pikipiki imvute polepole huku miguu ikitembea pembeni. Kuinua miguu na kuiweka mahali pake ni hatua ya baadaye.

Kwenye uwanja tambarare, hatua za mwanzo za zoezi hilo hazihitaji kugusa mafuta, kwa kuwa injini tayari ina nguvu ya kutosha kwa mwendo wa kutembea. Kazi yote iko kwenye mkono wa kushoto. Vidole vinafunguka taratibu mpaka mlio wa injini ushuke na kuwa mzito. Mlio huo ndio ishara, na vidole vinapaswa kusimama hapo hapo. Wengi huteleza hapa: wakihisi tu pikipiki inasogea, huachia klachi yote iliyobaki, na injini inazima.

Mafuta huingia somoni pale mlio unapokuwa mzito kupita kiasi, hasa mlimani. Huko mguu wa kulia hushikilia breki ya nyuma, mafuta huongezwa kidogo, klachi huachiwa mpaka mlio ubadilike, ndipo breki inapoachiwa.

Kabla ya kumlaumu mwanafunzi, pikipiki pia ikaguliwe. Ncha ya mkono wa klachi inapaswa kucheza takriban milimita 10 hadi 20 kabla ya waya kuanza kuvuta. Isipocheza kabisa, pleti hazibanani sawasawa na klachi inateleza. Ikicheza mno, pleti haziachani vizuri, gia inaingia kwa kishindo na nyutro inakuwa shida kuipata. Oili nayo iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na msuguano ndio klachi inaoutegemea.

Tanzania ilitunga kanuni za pikipiki za abiria mwaka 2010, na vijana wengi hujifunza ili waingie kwenye kazi hiyo. Kipimo kinachowafaa ni kuendesha kwa mwendo wa kutembea, klachi ikiteleza na breki ya nyuma ikishikwa kidogo, bila kuweka mguu chini. Abiria asubiri mpaka hilo liwezekane, kwa sababu kilo 70 za ziada hufanya pleti ziteleze kwa muda mrefu zaidi kabla pikipiki haijashika mwendo.